Fedha Imeingia, Mapato Bado: Niliyojifunza Tulipobadilisha Hesabu za Kampuni

Hesabu nilizozikuta kwenye kampuni ile hazikuwa chafu. Kila risiti ilikuwa na namba yake, kitabu cha fedha kilifungwa kila jioni, na salio lake lilikubaliana na taarifa ya benki mpaka senti ya mwisho. Aliyenitangulia alikuwa mtu mwangalifu sana. Ila hesabu zake zilijibu swali moja tu: fedha kiasi gani imeingia, kiasi gani imetoka. Benki tuliyoiomba mkopo ilikuwa na swali jingine kabisa. Ilitaka kujua kampuni imechuma kiasi gani na inadaiwa nini. Hapo hatukuwa na jibu, na kulitafuta kulitugharimu miezi ya kazi, ada nzito ya wakaguzi, mabishano makali, na mwenzetu mmoja aliyeamua kuondoka.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye yuko njiani kuelekea huko. Ukiwa na biashara inayopokea fedha kabla ya kufanya kazi, au inayofanya kazi kabla ya kulipwa, jambo hili litakufikia siku moja. Karo za shule, bima, usajili wa programu za kompyuta, malipo ya awali ya ujenzi, vyote vina tatizo hilohilo ndani yake.

Sisi tulikuwa tunauza mashine za kunakili na kuchapisha. Mteja akinunua, tunaifunga ofisini kwake, tunamfundisha kuitumia, kisha tunamuuzia mkataba wa matengenezo wa miaka miwili. Wengi walilipia mkataba wote siku ya kwanza kwa sababu tuliwapa punguzo wakifanya hivyo. Na wengi walikuja Novemba na Desemba, wakati taasisi zinamalizia bajeti za mwaka. Kwa hiyo miezi hiyo miwili fedha zilimiminika. Januari wamiliki waliangalia salio la benki la tarehe 31 Desemba, wakaita sehemu kubwa faida, wakagawana. Kufikia Juni, mafundi wanazunguka kwa wateja kutwa, vipuri vinanunuliwa, magari yanajazwa mafuta, na fedha mpya inayolingana na kazi hiyo haionekani. Miaka yote ile waliamini kwamba biashara ina msimu mbaya katikati ya mwaka. Msimu mbaya haukuwepo. Fedha ya kazi ya Juni ilikuwa imeshaingia Novemba, ikaitwa faida, ikagawanywa.

Mkaguzi wa hesabu alipofika, nilimwekea mezani kitabu cha fedha, leja, yaani daftari la akaunti zote, na urari, yaani orodha ya masalio ya akaunti hizo. Akavisogeza pembeni kwa upole. "Ndugu mhasibu, niletee mikataba kwanza. Fedha tutaiona baadaye." Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa najivunia ule urari: pande zote mbili zilikaa sawa. Lakini urari unaweza kukaa sawa na bado ukawa unasema uongo. Unathibitisha kwamba kila debiti, andiko la upande wa kushoto, ina krediti yake ya upande wa kulia, basi. Haukuambii kama krediti uliyoiweka kwenye mapato ilistahili kukaa kwenye madeni.

Uhasibu wa malimbikizo unasimama juu ya wazo moja: tukio linaandikwa pale linapotokea, si pale fedha inapohama. Mapato yanatambuliwa unapotimiza ulichomwahidi mteja. Gharama inatambuliwa unapotumia kitu au huduma, hata kama ankara yake itakuja mwezi ujao. Fedha ina taarifa yake peke yake, ile ya mtiririko wa fedha. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, yaani IFRS, vinadai taarifa zote nyingine ziandaliwe kwa msingi huu wa malimbikizo.

Kuhusu mapato, kiwango chenyewe ni IFRS 15. Kilitolewa Mei 2014, matunda ya kazi ya pamoja ya bodi ya kimataifa ya viwango na bodi ya Marekani, na kikaanza kutumika rasmi kwa vipindi vya kuanzia tarehe 1 Januari 2018. Kinakupitisha kwenye hatua tano. Unautambua mkataba. Unatafuta ahadi zilizomo ndani yake, kila inayoweza kusimama peke yake. Unaijua bei. Unaigawa bei hiyo kwa ahadi zile. Kisha unatambua mapato kila ahadi inapotimizwa. Ukisoma haraka unaona ni mambo ya kawaida. Ugumu unaanza ukikaa na mkataba halisi mkononi.

Nitatumia namba ndogo za mfano, sarafu weka ya kwako. Mteja amelipa 9,600 tarehe 1 Novemba kwa kifurushi kimoja: mashine na matengenezo ya miezi 24. Mashine ikiuzwa peke yake ni 9,000. Mkataba wa matengenezo ukiuzwa peke yake ni 3,000. Jumla ingekuwa 12,000, kwa hiyo amepewa punguzo la asilimia 20. Wauzaji wetu walizoea kusema punguzo lote ni la matengenezo, kwamba mashine ni 9,000 na matengenezo tumempa kwa 600. Kwa maelezo hayo karibu mapato yote yanaangukia siku ya kukabidhi mashine, jambo linalopendeza machoni. Lakini mteja hakununua hivyo. Amenunua vitu viwili kwa bei moja, na kama huna ushahidi kwamba punguzo ni la kimoja tu, linagawanywa kwa uwiano wa bei ambazo vitu hivyo huuzwa vikiwa peke yake. Mashine inapata robo tatu, yaani 7,200. Matengenezo yanapata 2,400, ambayo ni 100 kwa mwezi.

Sasa andika. Siku fedha inapoingia, debiti benki 9,600, krediti dhima ya mkataba, yaani deni la kazi unayodaiwa na mteja, 9,600. Hakuna mapato hata kidogo, kwa sababu hujafanya chochote. Mashine imekabidhiwa na kufungwa tarehe 20 Novemba: debiti dhima 7,200, krediti mapato 7,200. Kufunga na kumfundisha mtumiaji vilifanyika siku hiyohiyo, kwa hiyo tuliviacha pamoja na mashine, havikubadilisha wakati. Mkataba wa matengenezo unaanza tarehe 1 Desemba. Mwisho wa Desemba unahamisha 100 kutoka dhima kwenda mapato. Mwaka ukifungwa, mapato ya mkataba huu ni 7,300, na 2,300 imebaki kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni, kama deni la kazi. Katika hiyo, 1,200 ni kazi ya miezi 12 ijayo, inakaa kwenye madeni ya muda mfupi, na 1,100 inakwenda kwenye ya muda mrefu. Kitabu cha fedha kilikuwa kimeandika mauzo 9,600. Zidisha tofauti hiyo kwa mikataba yote ya miezi miwili ya mwisho wa mwaka, utaona kwa nini faida yetu ilipungua mno.

Mkurugenzi wetu, mzee aliyeianzisha kampuni hiyo akiwa na mashine moja ya mkopo, aliniita baada ya kuona rasimu. Nilikuwa na hofu. Nilikaa na karatasi zile siku kadhaa kabla ya kuzipeleka kwake, nikihesabu upya, nikitumaini kuona namba nyingine.

"Mwanangu, fedha iko benki. Nimeiona kwa macho yangu. Unaniambiaje kwamba si yangu?"

"Mzee, fedha ni ya kampuni. Lakini kampuni bado inadaiwa kazi ya karibu miaka miwili, na kazi hiyo ina mishahara na vipuri ndani yake."

Akanyamaza, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika zoezi lile. Je, mwezi ambao fundi hakwenda kwa mteja, ile 100 inatoka wapi? Jibu ni kwamba mteja hakununua ziara, amenunua utayari. Tuliahidi kwamba mashine ikiharibika wakati wowote ndani ya miezi 24 tutakwenda. Kila mwezi unaopita akiwa na uhakika huo, ameshapokea na kutumia sehemu ya alichonunua. Ndiyo maana mapato yanatiririka sawasawa mwezi kwa mwezi. Kama tungekuwa tumeuza ziara nne kwa mwaka na si zaidi, tungehesabu ziara. Maneno ya mkataba ndiyo yanayoamua, si mazoea ya ofisi.

Kilichomshawishi mzee hasa hakikuwa maelezo yangu. Alimkumbuka mteja mmoja aliyefunga shughuli zake katikati ya mkataba na kudai fedha ya miezi iliyobaki. Mkataba ulimpa haki hiyo. Kampuni ilihangaika kumlipa, kwa kuwa fedha yake ilishagawanywa kama faida. Mzee alipouona mstari wa dhima kwenye mizania alisema, "Kumbe mtu yule alikuwa hapa muda wote."

Kulikuwa na jambo la dhamana pia, ambalo watu hulichanganya. Kila mashine mpya ilikuwa na dhamana ya mwaka mmoja kwamba itafanya kazi kama ilivyoelezwa. Hiyo si ahadi ya kuuzwa peke yake, ni sehemu ya kumuuzia mtu kitu kizima. Hugawi bei kwa ajili yake. Unachofanya ni kukadiria gharama ya kutengeneza zitakazorudi na kuiweka kama akiba ya gharama hiyo.

Wino ndio uliowauma zaidi wauzaji. Tulikuwa tunachukua oda za wino kwa niaba ya msambazaji. Yeye ndiye aliyekuwa na mzigo, yeye ndiye aliyepanga bei, alimpelekea mteja moja kwa moja, na wino ukiwa mbovu mteja alimrudia yeye. Sisi tulipokea 1,000 kutoka kwa mteja, tukampelekea msambazaji 900, tukabaki na 100. Vitabu vilionyesha mauzo 1,000 na gharama 900. Lakini wino ule haukuwa mikononi mwetu kwa namna yoyote kabla ya kumfikia mteja. Tulikuwa wakala, na mapato ya wakala ni kamisheni yake, 100. Faida haikubadilika hata senti, ila jumla ya mauzo ilishuka vibaya, na bango la ofisini lililoonyesha lengo la mauzo ya mwaka likabidi lishushwe. Najua inauma. Watu walilifanyia kazi lengo lile kwa moyo. Hata hivyo, benki inayokukopesha ikiamini unauza mara kumi ya unachouza kweli, itakupimia kiatu kisichokutosha.

Upande wa pili wa jambo hili ulitupa faraja kidogo, kwa sababu kulikuwa na mapato yaliyochumwa ambayo hayakuonekana kabisa. Fundi amefanya matengenezo makubwa nje ya mkataba tarehe 28 Desemba, 400. Ankara imetoka Januari, malipo yamekuja Februari. Kitabu cha fedha kiliyaweka Februari. Yanapaswa kuwa ya Desemba, maana kazi ilikamilika Desemba: debiti mapato stahiki, yaani yaliyochumwa ila hayajatolewa ankara, krediti mapato. Hapa kuna mtego wa kuuchunga sana. Januari ankara ikitoka, karani atataka kuandika mauzo tena, na mfumo wa kompyuta utafanya hivyo wenyewe. Ankara hiyo inatakiwa ihamishe kiasi kutoka mapato stahiki kwenda kwa wadaiwa, bila kugusa mapato. Mkaguzi alitupatia dawa rahisi: tenga siku kadhaa kabla na baada ya kufunga mwaka, kusanya hati zote za makabidhiano na kadi za kazi za mafundi, kisha linganisha tarehe za kazi na tarehe za ankara moja moja. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

Mwaka uliofuata, tukiwa tumeshaanza kufuata utaratibu mpya, ulikuja ushawishi niliokuwa nimeonywa juu yake. Desemba ilikuwa imelegea. Mmoja wa wauzaji akapendekeza tutoe ankara kwa wateja waliokubali kununua Februari, mashine zibaki ghalani kwetu mpaka watakapozihitaji. Kwake lilikuwa wazo la kawaida la kibiashara, na sidhani alikusudia ubaya. Nilimweleza habari za Sunbeam ya Marekani. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilitangaza mauzo ya majiko ya kuchomea nyama katika miezi ya baridi, mzigo ukiwa bado haujaenda kwa wanunuzi. Mwaka 2001 tume ya usimamizi wa masoko ya mitaji ya nchi hiyo ilifungua mashtaka ikidai kwamba angalau dola milioni 60 kati ya faida ya dola milioni 189 iliyotangazwa mwaka ule zilitokana na udanganyifu wa hesabu. IFRS 15 haijakataza kabisa kuuza mzigo ukabaki kwako, ila imeweka masharti: kuwe na sababu ya kweli, kwa mfano mteja mwenyewe ameomba, mzigo uwe umetengwa na kutambulika kuwa ni wake, uwe tayari kuchukuliwa wakati wowote, na wewe usiweze kuutumia wala kumpa mwingine. Kwetu hakukuwa na hata sharti moja lililotimia. Tuliacha, Desemba ikabaki dhaifu kwenye vitabu kama ilivyokuwa dhaifu kweli.

Gharama nazo zilihitaji kupangwa upya. Pango la ofisi lililipwa tarehe 1 Oktoba kwa miezi 12, 2,400. Gharama ya mwaka ule ni miezi mitatu, 600, na 1,800 ni mali, malipo ya kabla. Umeme wa Desemba ankara yake ilikuja Januari, unakadiriwa na kuandikwa Desemba. Magari yanachakaa kidogo kidogo katika miaka yatakayotumika badala ya kumezwa yote mwaka wa kununuliwa. Haya hayakutuletea ubishi.

Kamisheni za wauzaji ndizo zilizoleta. Kiwango kinasema kamisheni iliyolipwa kwa sababu tu mkataba umepatikana, kama mkataba unazidi mwaka mmoja, iwekwe kama mali na kupunguzwa kadiri mapato yake yanavyotambuliwa. Ni suala la kuandika tu, muuzaji analipwa kama kawaida. Lakini wakurugenzi, wakiwa bado na uchungu wa ile faida iliyopotea, waliamua kumlipa muuzaji kidogo kidogo pia, kufuata mapato. Muuzaji wetu hodari aliondoka kwa ajili hiyo. Mpaka leo naona uamuzi ule haukuwa wa haki, na hakuna kanuni ya uhasibu iliyoudai. Ukibadilisha vitabu, waeleze watu wazi kwamba vitabu ndivyo vinavyobadilika, na masharti yao ya kazi ni mazungumzo mengine.

Kuna vitu vingine vilivyokuwa vimelala kwenye mapato bila haki. Mzee aliwahi kuingiza fedha zake mwenyewe mwezi wa dhiki ili mishahara ilipwe, zikaandikwa "mapato mengineyo". Hizo ni mtaji au ni mkopo kutoka kwa mmiliki, inategemea makubaliano, na makubaliano hayo yaandikwe. Amana za wateja zinazorudishwa si mapato. Kodi ya ongezeko la thamani unayomkusanyia serikali si mapato, unaishikilia tu mpaka uipeleke. Na tuelewane hapa: sheria ya kodi ina ratiba yake. Kuna nchi zinazoruhusu biashara ndogo zihesabu kodi ya mapato kwa msingi wa fedha taslimu, na kodi ya ongezeko la thamani inaweza kudaiwa fedha ikiingia hata kama mapato hayajatambuliwa. Usichukulie kwamba ukishabadilisha vitabu kodi imebadilika pamoja navyo. Muulize mtaalamu wa kodi wa nchi yako kabla ya kujaza fomu.

Halafu wadaiwa. Ukiandika mapato kabla ya kulipwa, unabeba hatari ya kutolipwa, na hatari hiyo lazima ionekane. Tuliwapanga wadaiwa kwa umri: siku 30, 60, 90, na zaidi ya hapo. Kwa kila kundi tukaweka akiba ya hasara inayotarajiwa kwa kuangalia historia yetu ya malipo. Wadaiwa sugu watatu ndio waliobeba karibu deni lote la zaidi ya siku 90, na mmoja wao tulikuwa tunaendelea kumhudumia. Hilo lilinifundisha jambo ambalo liko kwenye hatua ya kwanza kabisa ya kiwango: kama tangu mwanzo hakuna uwezekano wa kutosha kwamba mteja atalipa, hakuna mkataba wa kutambua mapato yake, hata kama ameshasaini.

Ubishi wa mwisho ulihusu miaka iliyopita. Wakurugenzi walitaka marekebisho yote yaingie mwaka ule, yaishe mara moja. Mkaguzi alikataa. Kosa kubwa la miaka ya nyuma linarekebishwa kwa kurudi nyuma: unarekebisha namba za mwaka uliopita zinazoonyeshwa kwa kulinganisha, na yaliyo kabla yake unayapitisha kwenye masalio ya mwanzo ya faida iliyolimbikizwa. Ukiyabebesha mwaka mmoja, mwaka huo utaonekana wa maafa bila kosa lake, na ule wa mbele utaonekana wa miujiza. Kusahihisha nyuma kulimaanisha kufungua mikataba ya zamani, mingine haikupatikana, mingine ilikuwa na kurasa pungufu. Hapo ndipo sehemu kubwa ya ada ya wakaguzi ilipokwenda. Laiti mikataba ingehifadhiwa kwa uangalifu uleule wa risiti.

Tulipopeleka taarifa benki nilitegemea kukataliwa. Ofisa wa mikopo alianza na taarifa ya mtiririko wa fedha, kisha akarudi kwenye dhima ya mikataba, akauliza ni kiasi gani cha fedha ya benki kimetengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Hakikuwepo. Tulipewa mkopo mdogo kuliko tulioomba, kwa sharti la kupeleka taarifa kila robo mwaka na kutogawa faida bila kuiarifu benki. Mzee alichukizwa siku ile. Hata hivyo, sharti hilo la mwisho ndilo lililoifanya Juni iliyofuata ipite bila kukopa mishahara.

Maana faida kwenye vitabu hailipi mshahara, na hili ni lazima lisemwe kwa wanaopenda mno uhasibu wa malimbikizo. Mwaka tuliotambua faida nzuri, fedha ilipungua, kwa sababu mapato mengi yaliyotambuliwa yalikuwa ya mikataba iliyolipiwa zamani. Kwa hiyo hatukukiacha kitabu cha fedha. Kila wiki tunatazama makadirio ya fedha ya majuma 13 yajayo, kila mwezi tunatazama faida, na kila moja tunaisoma kwa swali lake.

Chombo kilichotusaidia kuliko vyote ni rejesta ya mikataba, ambayo ni jedwali la kawaida la kompyuta. Kila mkataba mstari mmoja: tarehe, bei, ahadi zilizomo, bei ya kila ahadi ikiuzwa peke yake, mgao, tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi kilichotambuliwa, kiasi kilichobaki. Jumla ya safu ya mwisho lazima ilingane na akaunti ya dhima kwenye leja kila mwisho wa mwezi. Isipolingana, hatufungi mwezi. Anayesaini mkataba mpya analeta nakala kwangu kabla mteja hajalipa, na mkataba wenye punguzo au sharti lisilo la kawaida tunausoma pamoja na muuzaji, maana yeye ndiye anayejua aliahidi nini kwa mdomo.

Ikiwa kampuni yenu ni ndogo na inatumia kile kiwango cha IFRS kilichotengenezwa kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati, toleo lake la tatu lilitoka Februari 2025 na linaanza kutumika kwa vipindi vya kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Sehemu yake ya mapato sasa inafuata hatua tano hizohizo, kwa lugha nyepesi zaidi. Mwanzoni mwa mabadiliko haya kazi kubwa ni kutafuta karatasi. Anzeni na mikataba ambayo muda wake haujaisha, mwandike kwa kila mmoja ni ahadi gani bado hamjazitimiza, na muulize leo hii kama fedha ya kuzitimiza bado ipo.